Jalidi

Duka langu ni mlango mmoja na nusu,
nusu ya pili ni ya muuza soksi.
Ukishuka kutoka lango la chuo, hapa Puno,
fuata harufu ya gundi.

Huniletea miaka yao imefungwa kwa mpira.
Huyu kapima unene wa unywele wa alpaka,
unywele baada ya unywele, misimu mitatu.
Huyu kategesha mlimani chombo
cha kunasia chembe zitokazo mbali kuliko jua,
akakesha akizihesabu kama karani wa benki.
Yuko aliyewauliza wajane mia mbili na wanne
nani alibaki na ng'ombe.

Mimi sikuvuka darasa la sita.
Lakini gundi haina haraka, hasa Julai,
na anayengoja gundi afanye nini
kama si kusoma?
Nimesoma vipande vipande:
yai la bata wa ziwani nalijua hadi kiini,
hitimisho lake silijui.
Najua samaki wa karibu na mgodi wanaugua nini.
Najua neno "hata hivyo" limebeba mizigo mingi
kuliko punda wa baba yangu.
Na shukrani, hizo nazisoma zote.
Kila mtu ana mama.
Mmoja alimshukuru mbwa.

Alhamisi upepo wa ziwa
ulisukuma mlango wa muuza soksi,
na tasnifu mbili zikaruka mezani
kama kuku waliotishwa.
Moja ni ya Nélida Apaza, wa kilimo.
Mimi najalidi vitabu, yeye kaandika juu ya jalidi,
ile baridi iunguzayo jani la kiazi bila moto.
Ya pili ni ya Wilber Choquehuanca,
kijana wa kikohozi, wa elimu ya jamii:
waliohamia pwani, lini, na waliacha nini.

Nikapiga magoti kukusanya.
Karatasi ile ile, herufi zile zile,
printa moja yenye doa pembeni.
Ukurasa wa sitini na moja ulisema:
"Usiku wa tarehe kumi na moja Februari
kipimajoto kilishuka hadi hasi nne.
Asubuhi majani yalikuwa meusi.
Hasara: asilimia tisini na mbili."
Nikafunua wa pili, nikidhani bado niko kwa Nélida:
"Siku ya tatu tulifunga mlango.
Mama alisema shamba linanuka chai ya jana.
Basi lilikuwa na nafasi mbili, sisi tulikuwa watano."
Mhojiwa namba thelathini na nane.

Nikaketi pale pale sakafuni.
Nélida amekiandika kijiji kwa nambari za ramani.
Wilber amekiita K., kulinda siri za watu.
Lakini wote wawili wanataja kanisa lisilo na mnara
na mto unaogeuka mara mbili,
na pale mto unapogeuka mara ya pili
baba yangu alikuwa akimnywesha punda.

Usiku mmoja.
Huyu kaupima, huyu kausikiliza,
na ngazi mbili tu za chuo zimewatenga.

Nikapanga upya, kila mtu na chake.
Kazi yangu ni mgongo wa kitabu, tumbo si langu.
Nani humuuliza mjalidi?

Hata hivyo.

Jumamosi walifika saa moja, kila mmoja kivyake.
Benchi ni fupi, na katikati yake
hukaa bakuli langu la gundi tangu mwaka nilioolewa.
Yeye huku na simu yake,
yeye kule na kikohozi chake.

Nikaliondoa bakuli.
Nikasema, samahanini, majalada bado mabichi,
nipeni saa moja, labda na nusu;
mwenzio hapo naye anangoja,
yake ni ya viazi, yako sijui ni ya nini.

Yalikuwa yamekauka tangu Ijumaa.