Kipimo cha Engozi

Nilifika Kabale na karatasi kwapani,
ukungu bado umelalia bonde la Kiruruma,
nikaitandaza ramani juu ya gunia la viazi
mbele ya wazee kumi na mmoja waliovaa makoti.
Nikasema sana. Mungu anisamehe, nilisema sana:
matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayaendi tanuruni,
hakuna mkalitusi utakaoanguka ili tuyachome;
paa litateremsha mvua yote tangini;
na ukuta wa magharibi, mnene toka ncha ya kidole hadi kiwiko,
utalinywa jua la alasiri,
kisha usiku, baridi ikishuka kutoka vilimani,
utawalipa joto lenu, bila riba.

Wakaitikia kwa vichwa. Kukohoa. Chai ikaletwa.
Mzee Zaribwende akauliza bei ya mabati.
Mwingine akauliza kama choo kitakuwa ndani.
Nikasema ndani. Akacheka hadi akashika goti:
"Mimi niliyefukuza watoto wasikojoe karibu na nyumba!"

Ndipo Keihangwe, ambaye macho yamemtupa mkono,
akaomba aonyeshwe hiyo nyumba.
Bibi, nikasema, haijajengwa, ni mistari tu.
"Basi ilaze pale uani, kwa ukubwa wake."

Tukachonga vigingi, mimi na kijana Atuhaire,
tukavuta kamba kimo cha goti,
nyumba nzima ikasimama juu ya nyasi:
vyumba, ukumbi, baraza, mteremko badala ya ngazi.
Akaingia na fimbo yake, kamba ikimwambia ukuta uko wapi.
"Hapa ni kitanda?"
Ni kitanda.
Akalala. Juu ya umande, na gauni lake la Jumapili.
"Dirisha umelipandisha hadi wapi?"
Nikamshika mkono, nikauinua hewani.
"Mimi sitaona kitu, sawa, lakini Zaribwende bado anaona.
Akilala atazame nini, dari?
Lishushe. Mtu anayekwenda polepole
hutaka kujua nani amepita njiani."

Nikaandika: dirisha, sentimita arobaini toka sakafuni.

Alipofika kwenye kona ya ukumbi akasimama.
"Leteni engozi."
Ikaletwa, machela ya kusuka ya chama cha kilima chao,
iliyoteremsha wenye uchungu wa kuzaa na waliovunjika miguu
hadi barabarani ambako gari hufika,
miti yake miwili imelainishwa na mabega.
Akajilaza ndani. Vijana wanne wakamnyanyua,
wakatoka chumbani, wakafika kwenye kona yangu,
wakakwama.
Wa mbele wako ukumbini, wa nyuma bado wako kitandani,
na bibi katikati, ananing'inia, anacheka:
"Mwanangu, nyumba yako inajua kunipokea.
Kunitoa haijui."

Nilikuwa nimepima kiti cha magurudumu na mahali pa kukigeuzia.
Nilipima mvua, upepo, kivuli cha Machi na cha Septemba.
Watu wanne na mzigo wao sikuwapima.

Tuling'oa vigingi kabla chai haijapoa.
Kona tukaikata mshazari,
chumba cha mikutano kikapoteza hatua mbili,
mfadhili akaandika barua ya kurasa tatu,
nikamjibu kwa sentensi moja.

Sasa ni saa tatu usiku, nimeuwekea ukuta kiganja:
una joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.
Tangi limejaa hadi limemwagika, bata wamepata ziwa.
Kuna bomba linavuja nyuma ya jiko, nalijua, nitarudi Jumanne.
Zaribwende, ubavu wake dirishani,
anahesabu taa za pikipiki zinazopanda kilima
na kuzitaja kwa majina ya wenyewe.

Keihangwe alitoka mwezi wa pili, asubuhi,
wanne wakimbeba.
Nilisimama baraza ya pili, nikisikiliza miguu yao.
Kwenye kona hawakupunguza mwendo.