Ukimvisha Kulwa

Mimi ni Shija. Nilizaliwa baada ya pacha,
na hapa Tabora jina hilo halihitaji maelezo.
Kwa hiyo mhandisi Kokubelwa aliposhuka treni ya asubuhi,
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa,
akatutangazia, pale kiwandani Ipuli,
kwamba mtambo wetu wa asali utapata pacha ndani ya skrini,
wenzangu walicheka.
Mimi niliuliza: Kulwa ni yupi?

Kulwa ni hili tangi la chuma cha pua
lenye mbonyeo ubavuni, pale mkokoteni ulipoligonga.
Doto ni yule wa buluu kwenye kioo,
laini, hana kovu, hajawahi kunuka moshi.

Mama alikuwa na sheria moja nyumbani:
ukimvisha Kulwa, mvishe na Doto.
Ukimnyoa huyu, mnyoe na yule.
Hata matobolwa aliyagawa kwa kuyahesabu,
maana wivu wa pacha, alisema, haupigi kelele,
unaingia usiku kama baridi ya Juni.

Mwezi wa kwanza tulimlisha Doto akashiba:
joto la tangi, kasi ya pampu, unyevu wa asali,
vihisi kumi na vinne, kila dakika.
Meneja Msabila akaleta wageni.
Waligusa kioo.
Tangi hakuligusa mtu.

Kisha mhandisi akataka kumbukumbu za miaka kumi.
Tulikuwa na daftari la Bi Kalunde, lenye alama za vidole vya nta:
*Jumanne. Asali ya Sikonge. Nzito. Nimepunguza moto kidogo.*
Kidogo ni nyuzi ngapi?
Kalunde akaweka kiganja kwenye tangi, akakiondoa.
Hivi, akasema.
Kwenye programu hapakuwa na kisanduku cha hivi.

Umeme ukawa unakatika.
Kulwa anapoa gizani, asali inaganda kwenye mabomba,
Doto amesimama palepale, saa nne na dakika kumi na saba,
anatutazama kwa joto la jana.
Mtandao ukirudi anakurupuka, anameza saa sita kwa mkupuo mmoja,
na grafu inaruka kama panzi.

Julai, msimu umepamba moto,
mota ya pampu ikafa.
Fundi Kapaya akapachika nyingine,
aliyoitoa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Isevya.
Ilifanya kazi. Tulipiga makofi.
Nani alikumbuka kumwambia Doto?
Yeye aliendelea kuishi na mota ya marehemu.
Na kihisi cha joto, kule ndani, kilikuwa kimevaa koti la nta.

Arobaini, ilisema skrini.
Inaungua, alisema Kalunde.
Msabila akanyoosha kidole: arobaini, mama, soma.
Kalunde akajibu: Pua yangu hailipiwi leseni kila mwaka,
lakini inaungua.
Chuma cha pua hakinusi.
Ndoo sitini za asali ya Ipole
zikatoka nyeusi, chungu, kama dawa ya kikohozi.

Jioni ile walimtafuta mwongo.
Wengine walisema Doto, azimwe, fedha zirudi zilikotoka.
Wengine walisema Kalunde amepitwa na wakati,
ingawa ni yeye peke yake aliyesema kweli.
Mimi nilinyamaza na kitambaa changu cha maji ya moto.
Doto hakudanganya.
Alisema alichoambiwa,
na sisi tuliacha kumwambia.

Sasa kila alfajiri nafuta vihisi vyote kumi na vinne.
Kapaya akibadilisha hata nati, ananipigia kelele, naandika.
Kalunde anaweka kiganja, anasema hivi,
nami nasoma kipimajoto: arobaini na tatu.
Jana hivi ilikuwa arobaini na moja.
Kuna mawingu leo, akasema, usiniulize sana.
Naandika na mawingu.

Juzi nilimpigia mhandisi simu Dar es Salaam.
Mchoree Doto ule mbonyeo, nikamwomba.
Akacheka: haubadilishi kitu kwenye hesabu, Shija.
Lita mbili hulala pale, nikamwambia,
kila siku,
na kila siku tunamtafuta mwizi.