Wapangaji wa Uani

Walishuka na masanduku manne na mwamvuli.
Mwamvuli, Dodoma, mwezi wa nane!
Nikasema moyoni: hawa wameambiwa Afrika,
hawakuambiwa Dodoma.

Yeye Loweli, mkewe Dalini.
Sabini na moja, sitini na tisa:
niliisoma miaka yao kwenye mkataba wa pango
bwana alipokuwa akitafuta miwani
iliyokuwa kichwani pake.
Umri ambao kwetu mtu huketi akaletewa uji,
wao wameuza gari, paka wamemwachia jirani,
wamekuja kuanza darasa la kwanza.

Usiku wa kwanza walikaa gizani.
Hawakujua kuwa umeme huisha
kama unga unavyoisha kwenye debe.
Nikaenda na tochi, nikawaonyesha namba za luku.
Dalini akisoma kwa sauti, "tano, tisa, sifuri,"
Loweli akibonyeza kwa kidole kimoja, kwa hofu ya Mungu.
Taa ilipowaka wakapiga makofi.
Nami, sijui kwa nini, nikapiga.

Kesho yake akamwamkia mjukuu wangu Nyemo, wa miaka sita:
"Shikamoo."
Mtoto akampima tangu viatu hadi mvi,
akajibu kwa utulivu wa diwani: "Marahaba."
Ndiyo salamu yao hadi leo,
na nimekataza mtu yeyote asiwasahihishe.

Maji mtaani kwetu hutoka Ijumaa, saa tisa usiku.
Bomba hukoroma, hukohoa upepo, hutema kutu,
ndipo tunatoka na ndoo, kila mtu na khanga ya kulalia.
Loweli hubeba yake kwa mikono miwili,
nusu inafika, nusu inabaki miguuni.
"Mmisionari gani huyu," akasema Mama Chilewa,
"anabatiza viatu!"
Tukacheka gizani; naye, bila kuelewa, akacheka kutuzidi.

Kuhubiri, wanahubiri.
Vijitabu vyao viko juu ya kabati langu.
Niliwaambia mimi ni Mwanglikana tangu kwa bibi yangu;
wakaitikia kwa adabu,
wakarudi jioni kuniuliza bei ya nyanya.

Mlenda ulimshinda Dalini,
ulivutika toka tonge hadi kidevu, ukagoma kukatika.
Loweli aliomba tena.

Lakini vumbi.
Vumbi letu hulifuta asubuhi, adhuhuri limerudi
kukalia meza kama mwenye nyumba.
Siku moja nilipita na bakuli la zabibu, mlango uko wazi:
Dalini ameandika mezani, kwa kidole, ndani ya vumbi,
jina la kichanga aliyezaliwa kwao juzi,
ambaye amemwona kwenye simu tu, akikatika-katika.
Kitambaa kiko mkononi. Hafuti.
Nikarudi nyuma hatua tatu,
nikapiga hodi upya, kwa nguvu,
nikakohoa na kukohoa.
Aliponikaribisha meza ilikuwa safi, macho mekundu.
Tukala zabibu, tukilaumu upepo.

Jumamosi wanafua.
Huanua shuka pamoja, huyu ncha hii, yule ncha ile,
wanasogeleana, wanakutana katikati, vidole vinagusana,
wanarudi nyuma, wanakuja tena,
hadi shuka inakuwa ndogo kama Biblia.
Mimi, tangu Chibago alale kaburini,
hutoboa shuka zangu kwa msumari wa ukutani:
msumari unashika upande mmja wa maisha,
mimi nashika mwingine.

Sikujua kuwa huwa ananitazama.
Jumamosi iliyopita alivuka uani na ndala za mumewe,
hakusema neno, maana neno lenyewe hakuwa nalo,
akaichomoa shuka yangu msumarini,
akarudi nyuma,
akanisubiri nivute.

Tulikunja sita.
Moja tuliikosea, tukaanza upya.

Msumari nimeutundikia ungo.