Chumba cha Matairi Manne

Kiinua mgongo cha Shaame
hakikuinua mgongo wa mtu. Kilinunua gari:
Haisi ya mnadani, iliyokuwa ya hospitali,
ileile aliyoiendesha miaka kumi na tisa si yake.
N'kamwambia, Mzee, wenzio wananunua viwanja.
Akasema, Mize, kiwanja hakiendi popote.

Miezi mitano kalala chini ya tumbo la gari.
Kapigilia kitanda cha mninga,
kafunga jiko la gesi, na pipa la maji lenye bomba.
Mapazia nimeshona mimi, kwa kanga zangu za harusi,
rangi zimekwenda, jina limebaki.
Nje kapaka nyeupe, mikono mitatu,
na bado jua likipiga kwa ubavu
lile neno jekundu huchungulia,
limeandikwa kinyumenyume, la kusomwa kiooni.

Tukatoka Wete asubuhi, tukaipita Konde.
Nakwambia kitu, na usicheke:
miaka yote ile mimi nilikuwa nyuma,
magoti sakafuni, mkono juu ya tumbo la mtu,
naijua njia hii kwa mashimo yake tu.
Juzi ndiyo mara ya kwanza nimekaa mbele.
Kumbe Ngezi ina kona nyingi namna ile.
Kumbe miti huinama, hukutana juu,
na mtu anayeendesha huiona yote
na hana wa kumwambia.

Makangale, getini, kijana wa ulinzi
akafungua daftari: banda, chumba, hema.
Kidole kikashuka, kikapanda, kikakwama.
Gari lenye kitanda halikuwekewa mstari.
Akaitwa meneja, akaja na kandambili,
akatupatia pahali nyuma ya jiko,
kati ya matangi na jenereta, kwa nusu ya bei.
Ukikaa mlangoni, ukainamisha shingo,
bahari unaiona: upindo mwembamba
wa kanga ya mtu mwengine.

Tukapumzika. Yaani, mimi nilipumzika.
Shaame alipima oili mara tatu kabla ya adhuhuri,
akapangusa kioo, akakipangusa tena.
Wageni wakapita na taulo zao, wakatupigia picha.
Tukawakaribisha chai na mkate wa mofa.
Mmoja akauliza kwa ishara: mnaishi humu?
Shaame akaitika kwa kichwa, bila haya.

Usiku wa pili mlango ukagongwa.
Kijana wa jikoni, Khatibu, mkono kauzonga kwa aproni,
kisu cha pweza kimemteleza.
"Bibi, hili si gari la wagonjwa?
Taa ya jikoni imelipiga, nimeona maandishi."
Nikamtazama Shaame aseme hapana.
Shaame yuko kwenye usukani, ufunguo umeshaingia.

Basi. Kikapuni mwangu uzi na sindano havikustaafu.
Maji ya chai yalikuwa bado yana moto.
Nyuzi nne, juu ya kitanda cha mninga,
na shuka langu jipya, hilo tena halitatoka.
Lakini pepopunda haisikii uzi, inataka dawa.
Tukaliwasha. Mimi nyuma, magoti sakafuni,
nimeushika mkono wa mtoto wa watu,
na msitu giza, na mashimo yaleyale,
la kwanza, la pili, lile kubwa la darajani,
na sauti kutoka mbele, kama zamani:
"Mize, vipi huko?"
"Twende tu."

Alfajiri tukirudi Khatibu kalala kitandani,
nami nikahamia mbele.
Hatukusema kitu hadi getini.
Kijana wa ulinzi hakufungua daftari.

Mchana Shaame kaleta kopo la rangi,
mkono wa nne, akasema, wa mwisho.
Kalifungua. Kalikoroga kwa kijiti.
Kasimama mbele ya ubavu wa gari
muda wa kuchemsha birika zima.
Kisha kalifunga, kalipiga kifuniko kwa ngumi.

Sasa analikalia, pale mlangoni,
shingo kainamisha kidogo.