Nusura

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Münster, mwezi Novemba,
nafuta mvuke wa mikate kwenye kioo cha duka.
Nje kuna njia mbili, ubavu kwa ubavu:
ya matofali mekundu, ya magurudumu;
ya kijivu, ya nyayo.
Katikati hapana ukuta, hapana hata uzi.

Nikasikia kengele. Nikasikia "Wee!"
Kitambaa kilipofika mwisho wa kioo
hapakuwa na kitu ila majani yakizunguka
na kifungo kimoja cheusi juu ya wekundu.

Wiebke aliingia kwanza, helmeti kwapani.
"Mita nzima," aliniambia, "mita na ziada.
Nilimwona tangu kwenye taa: macho yamezama simuni,
miguu yajiendea kama ng'ombe ajuaye zizi.
Nikapiga kengele mara mbili, nikalala kushoto,
nikapita. Hakuna kilichotokea.
Nipe minne ya ufuta.
Hakuna kilichotokea," akarudia,
na sarafu zikamcheza kiganjani.

Robo saa baadaye, Bwana Terhorst, mstaafu wa posta.
Hakunisalimu. Aliinua kidole cha mwisho, kile chembamba.
"Hiki! Upana wa hiki, mama.
Nawaza farasi wangu nimpeleke wapi
(hucheza sataranji na mtu wa Gdansk,
hatua moja kwa siku, kwenye simu)
ghafla upepo unaninyakua bega.
Usukani umeng'oa kifungo, tazama!
Wala hakupiga kengele."

Nikatazama. Uzi ulining'inia pale pa kifungo.
Sikumwambia kwamba uzi huo ulikuwa umelegea tangu Jumanne,
kwamba niliuona akihesabu chenji
nikaona haya kusema.
Sikumwambia kwamba kengele niliisikia mimi
nyuma ya kioo, nyuma ya mashine ya kahawa,
na kwamba sikio lake la kushoto lililozimika
ndilo alipalo barabara kila asubuhi.

Jioni nilipofunga, nilitoka na mti wa kusukumia unga.
Nikapima kutoka pale nilipokiokota
hadi ukingo wa kijivu: mti mmoja na nusu.
Nikasimama hapo kama hakimu.
Kisha nikakumbuka: kifungo hubingirika,
ndiyo kazi ya kitu cha mviringo.

Mita, kidole.
Sidhani kuna aliyedanganya.
Mmoja alipima kwa jicho lililojua liendako,
mwingine kwa ngozi iliyoshtukizwa.
Nami ni yule yule: Jumapili juu ya baiskeli
nagawa mita kwa ukarimu;
Jumatatu kwa miguu, kidole, nalaani.

Nusura agongwe, twasema,
na ndani ya neno kuna nusu.
Nusu moja aliondoka nayo Wiebke, akaimaliza kwenye kona.
Nusu ya pili Terhorst ameilalia wiki tatu;
akiwa kitandani, asema, bega hushtuka peke yake.

Leo wamekutana kwenye foleni yangu.
Hawajuani. Yeye alimwona kisogo tu,
kisogo chenye skafu; leo hana skafu.
Naye alimjua kama upepo,
na upepo hauna uso.
Nyuma yao watu walisukumana kukwepa baridi,
koti likagusa koti, mkono ukagusa mkono,
hapana kidole wala ukucha kati yao.
"Tangulia, binti," akasema, "mimi sina haraka."
"Ahsante," akasema Wiebke, "mimi ninayo daima."
Wakacheka wote wawili.

Kifungo kimo kwenye kisahani, chini ya sarafu za shaba.
Mkono wangu ulikwenda pale, ukasita,
ukachukua mikate minne ya ufuta.