Sampuli ya Ishirini na Tatu

Msimamizi wangu, Daktari Omwoyo,
hataki kuona neno "mimi" katika ripoti.
"Sema maji yalichotwa," anasema,
"sema yalipimwa. Aliyechota hatuhusu."
Kalamu yake nyekundu imekata "mimi" kumi na moja
katika sura ya tatu peke yake.

Basi, maji yalichotwa.
Yalichotwa Rongai, Kampi ya Moto, hadi kule Mogotio,
visima thelathini, Januari, vumbi likifika magotini,
kwa chupa za plastiki zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale,
maana kioo na floraidi haviaminiani.
Yalibebwa katika begi la shule ya upili
lenye jina Jebiwott kwa wino usiotoka.
Yaliletwa Njoro, yakapangwa kwenye friji
chini ya chapati za Wafubwa, fundi wa maabara,
aliyesema, kama asemavyo kila Jumatatu,
kwamba elektrodi ni moja tu, na bei yake inazidi mahari ya dada yake.
"Ikianguka, na wewe anguka nayo."

Kipimo kilisafishwa. Kilingojewa kitulie.
Namba hucheza kwanza, kama mtoto asiyetaka kupigwa picha,
kisha husimama. Iliandikwa.
Moja nukta mbili. Mbili nukta sifuri. Tatu nukta tisa.
Kikomo cha maji salama, moja nukta tano,
kilipigiwa mstari kwa rula.
Umeme ulipotea saa tisa, ukarudi saa kumi na moja.
Kazi ilianzwa upya.

Sampuli ya ishirini na tatu: saba nukta sita.

Maji yalimwagwa. Yalipimwa mengine. Saba nukta sita.
Wafubwa aliitwa. Aliipangusa elektrodi kwa karatasi laini
kama anayemfuta mtoto kamasi.
Saba nukta sita.

"Ifute," alisema Akhonya wa meza ya pili.
"Imejitenga na wenzake. Itakuharibia wastani,
na wastani ndio shahada."
Usiku ule kifutio kilishikwa.
Kiliwekwa chini.
Kilishikwa.

Alhamisi, ofisini, daktari aliizungushia duara.
"Hii imetoka wapi?"
Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.
"Nauliza: nani aliichota, wapi, saa ngapi?"

Nikacheka.
Sikukusudia. Nimekua nikicheka mdomo umefungwa,
kiganja juu, kama anayezuia chafya;
katika picha zote za shule mimi ndiye yule
mwenye huzuni isiyo na sababu.
Lakini nilicheka, na daktari akayaona
meno yangu ya rangi ya strungi, yenye michirizi ya chaki,
meno ya kaka zangu wanne, meno ya darasa letu zima,
ambayo watu wa mjini huyauliza kama tunatafuna tumbaku.

"Mimi," nikasema. "Bomba la nyumbani, Kampi ya Moto.
Mama alishika chupa, mimi nikashika kifuniko.
Saa kumi na mbili na robo, kabla ya chai."

Hakusema pole. Kwa hilo namshukuru.
Aliitazama namba kwa muda, kisha akaandika pembeni:
*Isifutwe. Irudiwe kiangazi na masika.*
Na chini yake, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayevunja sheria yake mwenyewe:
*Na mama anywe nini?*

Swali hilo halimo katika malengo mahususi ya utafiti.

Jana nilimpigia mama simu nikamweleza.
Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia jerikeni ikijaa,
ile sauti inayozidi kuwa nyembamba
kadiri maji yanavyokaribia shingo.
"Saba nukta sita," akarudia, kwa fahari kidogo,
kama enzi zile nilipokuwa nikileta matokeo ya mtihani.
"Juu ya ngapi?"

Juu ya moja na nusu, mama.