Udhu na Udhuru

Daktari Zulekha alichora maduara mawili
nyuma ya karatasi ya vipimo vya damu.
"Msuli huu wa nje hukutii.
Huu wa ndani hausikii la mtu.
Umejikaza usiku na mchana,
damu haipiti,
na jeraha lisilofikiwa na damu haliponi."

Miezi tisa naendesha kreni Kilindini
nimekalia tako moja,
makontena yananing'inia chini ya miguu yangu,
Chengo namwambia ni mgongo.
Mgongo una heshima, husemwa barazani.
Hili langu halina pa kutajwa:
mpasuko usiofika ukucha wa kidole cha mwisho,
choo kikipita ni wembe,
kisha makaa, saa mbili nzima.
Nimekula mapapai, nimekunywa maji ya ukwaju,
nimekalia beseni la maji vuguvugu
hata mke wangu akaliita ofisi.
Mafuta ya kupaka yaliniumiza kichwa,
kidonda kikabaki pale pale.

Akanipangia bidhaa zake
kama mchuuzi wa Marikiti ajuaye nitanunua kimoja.

Sindano ya kulegeza msuli.
Haina kisu, lakini nguvu zake huisha kwa miezi michache,
na wengi hurudi kukalia kiti hiki hiki,
upande upande.

Kiraka:
ngozi ya jirani ivutwe, izibe pengo,
msuli usiguswe.
Ila mshono huweza kufumuka.

Au kukata. Kipande kidogo cha ule msuli mkaidi.
Hupona wengi kuliko kwa njia zile mbili,
na maumivu huondoka upesi.
"Ila?" nikauliza.
"Ila wachache katika mia
hawawezi tena kuuzuia upepo."

Upepo!
Bandarini upepo una kipimo chake,
ukizidi, king'ora hulia, tunateremka.
Huu nitaupimia nini
alfajiri, safu ya pili,
bega langu limegusana na la Mzee Famau?
Pumzi moja tu na udhu umetenguka,
nami nipite mbele za waliosimama,
kila mtu ajue.

Daktari hakucheka. Akatengeneza mtandio wake.
"Sheria inamjua mwenye udhuru.
Hilo kamuulize shekhe.
Mimi niulize kisu."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi nimezaa watatu, msuli wangu hauna akiba.
Ningechukua kiraka.
Wako una nguvu za kuuza."

Nje, mhudumu anapiga deki,
harufu ya dawa inapanda ngazi.
Nikafikiria kukaa.
Kukaa tu, kwenye jamvi, kwenye kiti cha plastiki,
matako mawili, kikombe cha kahawa mkononi,
bila kuhesabu.

Akanivutia kiti nijaze fomu.
Nikatia sahihi nimesimama.

Ngazini nikamwandikia Chengo:
Jumatatu sitakuja, nalazwa.
Akauliza kuna nini.
Nikaandika mgongo, nikafuta,
nikaandika tena.